Taharuki ya kimaadili

Februari 2001, mwanamke aliyetoka Kongo alilazwa mahututi katika hospitali ya Hamilton, mji wa Kanada ulio kando ya ziwa moja na Toronto. Kabla maabara haijatoa majibu, vyombo vya habari vilishataja Ebola. Vipimo vilipokuja, hakuwa na Ebola. Kufikia hapo, mazungumzo yalikuwa yamehama kitandani kwake zamani: watu walikuwa wakijadili wahamiaji, mipaka, na nani aruhusiwe kuingia Kanada. Mwanasosholojia Charles Adeyanju alikitungia kisa hicho kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2010.

Kwa Kiingereza hali ya namna hii huitwa "moral panic". Aliyelieneza jina hilo ni Stanley Cohen, ambaye mwaka 1972 alieleza jinsi ugomvi wa vijana kwenye fukwe za Uingereza ulivyokuzwa magazetini mpaka ukaonekana balaa la taifa. Toronto nayo ina sehemu yake katika historia ya jina hili, kwani Marshall McLuhan, profesa wa Chuo Kikuu cha Toronto, alikwisha kulitumia katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu vyombo vya mawasiliano.

Kwa Kiswahili wako wanaosema "hofu ya kimaadili". Mimi nasimama na "taharuki ya kimaadili".

Hofu mtu anaweza kukaa nayo moyoni miaka, jirani asijue. Taharuki haina subira hiyo. Neno lenyewe limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kujongea, uliotupa pia haraka na harakati. Mhakiki wa fasihi huita taharuki ile hali ya msomaji kushikwa na shauku ya kujua kitakachofuata. Mwandishi wa habari huandika kwamba uvumi umezua taharuki sokoni. Istilahi yetu inazihitaji maana zote mbili, kwa sababu wakati wa mashaka watu hawajui mwisho wa kisa, na papo hapo hawawezi kutulia. Pengo la habari hulijaza kwa visa walivyokwisha kuvisikia. Hamilton walikuwa na kisa tayari kuhusu Afrika na maradhi yake, kikapachikwa juu ya mgonjwa mmoja.

"Kimaadili" ndilo linalosumbua. Msomaji wetu akilisikia huwazia mavazi na muziki wa vijana. Wakati mwingine ni hayo kweli, lakini kiini chake ni hukumu: nani amekosa, nani atengwe. Chukua popobawa, jini anayesemwa kuwavamia watu usiku majumbani. Mwaka 1995, Zanzibar ikielekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, uvumi wake ulienea Pemba na Unguja, watu wakawa wanalala nje kwa makundi, wamekoka moto, asibaki mtu ndani peke yake. Mpaka hapo ni taharuki tupu, kwa kuwa jini hashitakiwi. Ilipata sura ya kimaadili pale umati ulipomwua Unguja mtu asiye na hatia, ukidhani ndiye.

Toronto ilipatwa na taharuki yake ya kimaadili mwaka 2003, ugonjwa wa mapafu wa SARS ulipoingia kupitia msafiri aliyerejea kutoka Hong Kong. Waliokufa walikuwa 44, na Aprili 23 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasisafiri kwenda Toronto ila kwa lazima, ushauri uliodumu wiki moja tu. Virusi vilisambaa zaidi ndani ya hospitali, kati ya wahudumu, wagonjwa na jamaa zao. Lakini mahali palipohamwa na wateja ni mtaa wa Wachina wa Spadina. Mikahawa ilibaki na meza tupu saa za chakula cha mchana, na abiria wenye sura za Kiasia waliona watu wakisogea mbali nao kwenye treni, wawe wametoka Hong Kong au wamezaliwa hapo hapo Scarborough, upande wa mashariki wa Toronto. Waziri Mkuu Jean Chrétien akaenda kula Chinatown mbele ya kamera. Naona alifanya jambo la busara: takwimu za maambukizi zilikuwa zikitangazwa kila siku na hazikuwarudisha wateja, maana lililowaondoa halikuwa takwimu.

SARS ilikuwa hatari ya kweli. Kwa hiyo nasikitika istilahi hii inapogeuzwa rungu la kumnyamazishia kila mwenye wasiwasi, kana kwamba kuitaja ni kusema hakuna tatizo. Inahusu pale lawama inapoangukia, na jinsi inavyokua kuliko kosa lenyewe. Muuguzi wa Scarborough aliyeogopa kurudi kwa wanawe baada ya zamu, Machi 2003, hakuwa ndani ya taharuki ya kimaadili. Alikuwa na hofu, tena ya haki, na kwake neno hofu linatosha.