Picha Katika Njia Nyembamba

Tarehe 11 Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa ukombozi wa Uganda walipouteka mji wa Kampala, wananchi walipata habari ya kuanguka kwa serikali ya Idi Amin kwa sauti ya Luteni Kanali David Oyite Ojok, katika Redio Uganda. Televisheni ilikuwapo Nakasero tangu mwaka 1963. Hata hivyo, ni sauti iliyofika vijijini na mipakani. Uchache wa televisheni majumbani ulikuwa sababu moja. Sababu nyingine ni kwamba sauti ni mzigo mwepesi, na picha ni mzigo mzito.

Sauti ya simu hutosheka na njia yenye upana wa mizunguko 3,000 hivi kwa sekunde. Picha ya televisheni ya mistari 625, inayobadilika mara 25 kila sekunde, hudai mizunguko milioni 5. Satelaiti ya Early Bird, iliyorushwa Aprili 1965, iliweza kubeba mazungumzo ya simu 240, au picha moja ya televisheni. Nchi kavu nako, minara ya kupokezana mawimbi ilipaswa kuonana, kilima kwa kilima, kila kilomita 50 hivi. Basi filamu zilitiwa makoponi zikapakiwa ndegeni Entebbe, na zilipofika Ulaya jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kupoa. Kenya ilipata kituo chake cha satelaiti cha Longonot mwaka 1970. Uganda ikajenga chake baadaye huko Mpoma, karibu na Mukono.

Njia isipopanuka, mzigo hupunguzwa. Julai 1969 wanaanga wa Apollo 11 walileta kutoka mwezini picha ya mistari 320, ikibadilika mara 10 tu kwa sekunde. Vituo vya Australia na Marekani vikaigeuza ifae televisheni za kawaida. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1950, Mmarekani Copthorne Macdonald alikwisha kubuni mtambo wa kupitisha picha moja tuli kwa sekunde 8 katika njia ya sauti ya redio. Watu wengi waliuona kuwa mchezo wa mafundi. Lakini kamanda anayetaka kujua kama daraja limevunjwa hahitaji kuliona likitikisika. Picha moja tuli yamtosha.

Kisha ikaja hesabu ya kompyuta. Mtambo hulinganisha picha na ile iliyotangulia, ukapeleka tu kilichobadilika: ukuta uliosimama haurudiwi, mtu anayetembea ndiye anayepelekwa. Kanuni ya kimataifa ya kazi hiyo, iitwayo H.261, iliidhinishwa kwanza mwaka 1988 kwa ajili ya nyaya za simu. Mwaka 2001 waandishi wa habari waliokuwa Afghanistan walitumia simu za satelaiti kwa namna hiyo, nyuso zao zikirukaruka na kukatika, lakini dunia iliwaona siku ile ile. Asiye na haraka alikuwa na njia iliyo bora zaidi: kurekodi kwanza, kuipeleka picha polepole hata kwa saa nzima, na kuionyesha ikiwa safi mwisho wa safari. Kwa Uganda, isiyo na pwani, dhiki hii ilianza kulegea mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa.

Upunguzaji huo una gharama yake, na polisi wana sababu ya kuijua tangu kamera za barabarani zilipoanza kuwekwa Kampala mwaka 2018. Mtambo hutupa kile unachokiona kuwa kidogo, na namba ya gari katika picha ni kitu kidogo. Ikikwisha kutupwa, hakuna ukuzaji utakaoirudisha. Fundi mwangalifu hupeleka nakala nyepesi mbele, na nakala kamili huiacha pale pale ilipo kamera, mpaka mpelelezi aje kuichukua.