Kabla ya Wakora wa Simu Kulikuwa na Kipande

Wasee, leo stori ni ya mathe wangu, lakini itabidi turudi nyuma miaka kama mia moja hivi. Msiniache njiani.

Ilikuwa 2022, ule mwaka Mamlaka ya Mawasiliano ilisema laini ambazo usajili wake haujasasishwa zitazimwa. Mathe akapigiwa simu na jamaa mwenye Kiswahili safi kabisa. "Habari ya mchana, mama. Napiga kutoka kampuni ya simu." Akamtajia majina yake yote matatu. Akamtajia namba ya kitambulisho. Halafu akamwambia laini yake itafungwa saa kumi jioni, kwa hivyo wathibitishe pamoja haraka. Mathe akathibitisha kila kitu, hadi PIN. Saa kumi kufika, laini ilikuwa sawa. Elfu ishirini na nane za karo yangu ndizo zilikuwa zimeenda.

Sitawadanganya eti ndiyo sababu pekee niliacha chuo. Nilikuwa na shida zingine huko. Lakini muhula huo sikurudi, na ukishakosa mmoja, wa pili unakuwa rahisi.

Nilimuuliza kwa hasira, "Sasa mathe, ulimpa kwa nini?" Akanijibu, "Si alikuwa ananijua? Na mtu wa ofisi akikuuliza, utakataa aje?"

Hilo jibu lilinikalia. Nani alitufunza kwamba mtu wa ofisi hakataliwi?

Mwaka wa 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kusajili wanaume Waafrika kuanzia miaka 16. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoisha, ikaanza kutekelezwa. Kila mmoja alipewa kipande: karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake. Karatasi iliwekwa ndani ya kijikebe cha chuma, kikaning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, ile kengele ya mbuzi.

Polisi akikusimamisha, unatoa. Ukikosa, ni faini au jela. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, kupata kazi kwingine ilikuwa balaa, na ukitoroka unasakwa kama mhalifu. Wengi hata hawangeweza kusoma yale waliyoandikwa. Maisha yako umeyabeba shingoni, lakini anayeyasoma ni mtu mwingine.

Watu hawakunyamaza. Kama umewahi kupita Harry Thuku Road, pale karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, jina hilo ni la kijana aliyepinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Machi 1922 alikamatwa. Umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi kumdai, ukapigwa risasi. Serikali yenyewe ilikubali waliokufa ni 21, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru.

Sasa sikiliza hii. Mwaka wa 1947 sheria ilibadilishwa ili watu wa rangi zote wasajiliwe, alama za vidole zikiwemo. Walowezi wakawaka! Eti vidole ni vya wahalifu. Na serikali ikalegeza. Wao waliuliza "kwa nini?" wakasikizwa. Babu zetu waliuliza swali hilo hilo wakapigwa risasi. Mimi naona ndiyo maana huku kwetu kuuliza kulibaki kuonekana kama kutafuta shida.

Kitambulisho cha leo si kipande, tuwe wakweli. Tunapigia kura nacho. Lakini mazoea yamebaki. M-Pesa ilianza 2007, na kufikia 2010 tukaanza kusajili laini kwa vitambulisho. Hapo jina, namba ya kitambulisho, simu na pesa vyote vikashikana. Na bado ukifika geti la jumba lolote tao, soja anakusukumia daftari, unaandika jina, kitambulisho, namba ya simu. Anayekuja nyuma yako anasoma yote. Hilo daftari likijaa, linaenda wapi? Umewahi kuuliza? Mimi pia nilikuwa naandika tu. Mkora akipata ukurasa mmoja kama huo, ana kila kitu jamaa wa mathe alikuwa nacho.

Sisi tuna kitu ambacho babu zetu hawakuwa nacho. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua habari zako zinachukuliwa za nini, na ya kulalamika kwa Kamishna wa Data. Kwa hivyo uliza, kwa heshima, lakini uliza.

Na kwa simu: mtu kujua jina lako haimaanishi anatoka ofisini. PIN haiulizwi na mtu yeyote mwenye nia nzuri. Ukiharakishwa, kata, kisha upige mwenyewe namba rasmi unayoijua. Piga *106# uone ni laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Halafu kaa chini na mzazi wako umweleze haya, bila kumgombeza vile mimi niligombeza wangu.

Juzi nilinunua laini mpya nikampigia mathe. "Wewe ni nani, na namba yangu umepewa na nani?" Kabla nijibu, akakata. Nilipiga mara tatu. Sikukasirika hata kidogo.