Darasa na Nyumba: Lugha ya Shule ya Msingi na Nafasi ya Mzazi Nchini Kenya

Historia ya shule ya msingi nchini Kenya huandikwa mara nyingi kwa hesabu: idadi ya madarasa, ya walimu na ya watoto walioandikishwa. Upo upande mwingine wa historia hiyo usiopewa uzito unaoustahili, nao ni jinsi jamaa za watoto walivyopata, au walivyokosa, kuyajua yanayofundishwa darasani. Suala hili haliwezi kutenganishwa na lile la lugha, kwani mzazi asiyeifahamu lugha ya daftari la mwanawe hubaki mgeni katika elimu anayoigharimia yeye mwenyewe.

Kabla ya shule za wamisheni kuenea, miji ya pwani kama vile Lamu na Mombasa ilikuwa na vyuo vya Kurani. Lugha ya msahafu ilikuwa Kiarabu, nacho hakikufahamika kwa wazazi walio wengi. Hata hivyo chuo hakikuwa mbali na nyumba. Mwalimu alikuwa mtu wa mtaani, maelezo yake yalikuwa kwa Kiswahili, mtoto alisoma kwa sauti, na mzazi aliijua juzuu aliyoifikia. Alipohitimu, furaha ilikuwa ya jamaa nzima. Mfano huu wafaa kuzingatiwa, maana waonyesha ya kuwa ugeni wa lugha ya kitabu hautoshi peke yake kumtenga mzazi, maadamu ipo lugha nyingine ambayo kwayo mwalimu humweleza.

Chini ya utawala wa Waingereza mambo yalikwenda kinyume. Tume ya Phelps-Stokes, iliyoizuru Afrika Mashariki mwaka wa 1924, ilipendekeza lugha za kienyeji zitumiwe katika madarasa ya chini na Kiingereza katika madarasa ya juu. Kwa kadiri ya lugha, pendekezo hilo lilimkaribisha mzazi. Lakini Waafrika wengi walilitilia shaka. Waliona kwamba kazi ya ukarani, barua za serikali na sheria zote zilikuwa katika Kiingereza, wakahofia kuwa mtoto afundishwaye kwa lugha ya mama alikuwa akifungiwa mlango mapema.

Shaka hiyo ilidhihirika katika shule huru za Wagikuyu. Baada ya mgogoro wa tohara ya wanawake na makanisa mwaka wa 1929, wazazi walijiunga katika vyama vya KISA na Karing'a, wakajenga shule zao, wakaajiri walimu na kulipa mishahara kwa michango. Mwaka wa 1939 Mbiyu Koinange aliongoza kuanzishwa kwa chuo cha walimu cha Githunguri. Hapana wakati mwingine katika historia ya Kenya ambapo jamaa walikuwa na sauti kubwa zaidi juu ya shule. Lakini sauti hiyohiyo ilidai Kiingereza kifundishwe mapema. Serikali ilizifunga shule hizo zilipoanza siku za Hali ya Hatari mwaka wa 1952. Shule hizo zilitoweka, ila matakwa ya wazazi wake hayakutoweka.

Mnamo mwaka wa 1957 Kituo Maalumu cha Wizara ya Elimu mjini Nairobi kilianza kutayarisha masomo ya Kiingereza tangu darasa la kwanza, mwanzoni kwa ajili ya watoto wa Kiasia, kisha kwa Waafrika. Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 iliuunga mkono utaratibu huo. Kiswahili kilipendekezwa kiwe somo la lazima, na lugha za kienyeji zikaachiwa kipindi cha hadithi. Hivyo matakwa ya wazazi yalitimizwa, lakini kutimizwa kwake kuliwatoa darasani wale wasiojua Kiingereza.

Palipopungua ushiriki wa akili, pakazidi ushiriki wa mfuko. Mwezi wa Desemba 1973 serikali ilitangaza kufutwa kwa karo katika madarasa manne ya kwanza. Wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka milioni 1.8 hivi mwaka wa 1973 hadi milioni 2.7 mwaka wa 1974. Majengo hayakutosha, na wazazi wakatozwa fedha za ujenzi kwa jina la harambee hadi zilipopigwa marufuku mwaka wa 1979. Mwaka huohuo iliundwa Idara ya Elimu ya Watu Wazima, na masomo ya ngumbaru yakaenea kwa Kiswahili na lugha za kienyeji. Ikawa mama ajifunza kusoma kwa lugha moja, na mwanawe aandika kwa nyingine.

Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilijaribu kuuziba ufa huo: lugha ya eneo itumiwe katika madarasa matatu ya kwanza, na Kiswahili kitahiniwe. Hilo la pili lilitekelezwa mwaka wa 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza. Tangu hapo mzazi ajuaye Kiswahili alipata angalau somo moja lenye uzito katika mtihani ambalo aliweza kulifuatilia nyumbani.

Karo ilifutwa tena mwaka wa 2003, na wanafunzi wakapanda kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ilivitambua vyama vya wazazi, na mtaala wa umilisi, ulioenezwa nchini kuanzia mwaka wa 2019, umemtaka mzazi ashiriki katika kazi za mwanawe. Hii ni mara ya kwanza kwa mtaala wa taifa kumwita mzazi kwa ajili ya somo lenyewe. Lakini mwito huo hufika aghalabu kwa Kiingereza: ripoti ya muhula ni ya Kiingereza, na maagizo ya kazi ya nyumbani vivyo hivyo.

Huenda ikasemwa kuwa wazazi wenyewe ndio waliokitaka Kiingereza. Ni kweli, na walikuwa na sababu. Lakini walichokitaka ni lugha ya kumfungulia mtoto mlango, wala si lugha ya kuwafungia wao. Chuo cha pwani chathibitisha kuwa mambo haya mawili yaweza kutengwa. Mtoto aweza kusoma kwa lugha moja, na shule ikasema na nyumba kwa nyingine. Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kwa hiyo hakuna kizuizi cha kisheria kinachoizuia ripoti ya mtoto kuandikwa kwa Kiswahili. Kinachosalia ni mazoea, na hadi yatakapobadilika, mzazi ataendelea kuitwa shuleni kama mjenzi wa kuta ambazo hayasikii yanayosemwa ndani yake.