Kisangani: Stanley alianzisha kituo, lakini alama zilizobaki ni za wengine

Katika vitabu, mwanzilishi wa Kisangani ni Henry Morton Stanley. Alipita kwenye maporomoko ya Boyoma mwaka wa 1877 akishuka na mto, akarudi mwaka wa 1883 kwa kazi ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Tarehe 1 Desemba mwaka huo akaacha kwenye kisiwa cha Wana Rusari Mzungu mmoja tu, Mskoti aitwaye Binnie, pamoja na askari wachache. Mahali palichaguliwa sababu mashua za kutoka Kinshasa zinaishia hapo. Mbele ni mawe na maji makali.

Wagenya walikuwa pale mbele yake, wakivua samaki kwa mitego mikubwa ya kufungwa kwenye miti katikati ya maporomoko. Mpaka leo wanavuaga vile vile.

Kituo hakikudumu. Mwaka wa 1886 mwanamke mtumwa alimtoroka bwana wake Mwarabu, akakimbilia kituoni. Mkuu wa kituo, Deane, akakataa kumrudisha. Vita ikaanza, risasi zikaisha, Wazungu wakakimbilia porini na kituo kikateketea. Kisha, Februari 1887, Stanley huyo huyo akaenda Zanzibar kupatana na Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, awe liwali wa Stanley Falls kwa jina la Leopold. Yaani yule ambaye watu wake walishambulia kituo ndiye akakabidhiwa kituo!

Tippu Tip aliondoka mwaka wa 1890, na miaka michache nyuma yake vita ikamaliza utawala wa Waarabu. Vijiji walivyovunja na watu waliouza, hakuna wa kuvisifu. Lakini mchele, Uislamu na hii Kiswahili inayosikika sokoni vilienea huku kupitia wao na watu wao wa Maniema. Ndiyo maana Kisangani ni mahali Kiswahili na Lingala vinakutana, na mtu anaanza maneno na moja anamaliza na ingine.

Upande wa Stanley, jina lake lilikaa kwa muji mpaka 1966, Stanleyville ikawa Kisangani, jina ambalo wasemaji wa Kiswahili walikuwa wanatumia tayari tangu zamani.