Mipapai: tuache nafasi gani kati ya muti na mwenzake?

Huko Beni, katika bonde la Ruzizi na kandokando ya Ziwa Tanganyika, wakulima wengi wanapanda mipapai karibu karibu, juu wanawaza kama miti mingi njo matunda mingi. Ni kweli nusu tu.

Hesabu ya shamba

Tuchukue shamba la metre 50 kwa 40. Ukiacha metre 2 kila upande, inaingia miti 500. Kwa metre 2 na nusu, miti 320. Kwa metre 3, karibu miti 220. Miti 500 inaweza kutoa kilo mingi kwa jumla, lakini kila muti unazaa kidogo na matunda yanakuwa madogo. Pale papai inauzwa kwa ukubwa, faida inapotea.

Miti ikibanana, nini inatokea?

Majani ya mupapai yanatanuka sana. Yakifunikana, miti inashindania jua: inarefuka, shina inakuwa nyembamba, matunda ya kwanza yanatokea juu. Upepo ukikuja, miti inaanguka. Kwa wale wa Beni wanaochanja papai mbichi ili kupata utomvu wa papaine, ni taabu zaidi, kwani tunda linachanjwa likingali kwenye muti. Tena majani yanakawia kukauka kiisha mvua, na magonjwa ya kuvu yanashika matunda.

Kwenye baridi ya Butembo na Lubero, mupapai unakomaa polepole. Huko kivuli ni hasara mbili.

Tufanye namna gani?

Kwenye udongo wenye rutuba, acha metre 2 na nusu mpaka 3. Metre 2 inafaa kwa mipapai mifupi yenye kupata mbolea na maji ya kutosha.

Weka miche 3 kwa kila shimo. Maua yakitokea, bakiza muti 1 wenye kuzaa, ngoa ingine. Kama mbegu yako inatoa dume na jike, dume 1 inatosha kwa jike 10 mpaka 20.

Miezi ya kwanza, panda maharagi ao karanga katikati. Usipande maboga: yanaweza kushikwa na virusi vilevile vya mupapai, na vidukari vinavisambaza. Chimba pia mifereji, juu maji yakisimama siku 2 mizizi inaoza.

Pima kwa kamba mbele ya kuchimba. Mupapai ukishakomaa hauhamishwi.