Wageni wa wiki chache: historia ya ndege katika Hifadhi ya Aktiki ya Alaska

Hifadhi ya Taifa ya Wanyamapori ya Aktiki iko kaskazini mashariki mwa Alaska, pale Marekani inapopakana na Kanada. Eneo lake ni kilomita za mraba 78,000 hivi, zaidi ya mara 5 ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Upande wa kusini kuna misitu ya misonobari. Katikati imekatiza safu ya milima ya Brooks. Na kaskazini ya milima hiyo ardhi inateremka hadi uwanda wa tundra usio na mti hata mmoja, unaoishia kwenye Bahari ya Beaufort. Humo zimerekodiwa aina 200 hivi za ndege. Zinazokaa mwaka mzima ni chache mno, na kwenye uwanda wa pwani ni za kuhesabika kwa vidole. Ndiyo maana mgeni anayepita huko wakati ndege wameshaondoka, asikae vya kutosha kuwaona wakirudi, anaweza kuiona ardhi hiyo kuwa tupu.

Wenyeji hawakuwahi kuiita tupu. Wainupiat wa pwani, ambao kijiji chao cha Kaktovik kipo kwenye Kisiwa cha Barter, waliishi kwa kalenda ya wanyama na ndege. Bata wa baharini wakipita mwezi wa Mei kufuata nyufa za maji katikati ya barafu, ilikuwa ndiyo nyama mbichi ya kwanza baada ya miezi ya giza. Wagwich'in wa kusini ya milima walijua bata na bata bukini hutua kwenye maziwa gani na lini. Maarifa hayo hayakuandikwa, na watafiti waliokuja baadaye waliyatumia.

Kumbukumbu za maandishi zilianza kwa kudonoa. Mwaka 1826 John Franklin, ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, alipita pwani hiyo kwa mashua akielekea magharibi, akarudishwa na ukungu na barafu mwezi Agosti. Mwanajiolojia Ernest Leffingwell alifika mwaka 1906, na meli yake ilipoharibiwa na barafu alijenga kibanda kwa mbao zake kwenye Kisiwa cha Flaxman, karibu na mdomo wa Mto Canning. Hadi mwaka 1914 alikuwa amekaa huko majira 9 ya kiangazi na 6 ya baridi, akichora ramani kwa msaada wa wenyeji. Majira ya baridi ya 1913 na 1914, kundi moja la Msafara wa Kanada wa Aktiki, likiongozwa na mtaalamu wa wanyama Rudolph Anderson, lilipiga kambi Collinson Point, ndani ya mipaka ya hifadhi ya leo. Safari hii mtu mwenye taaluma ya wanyama alikaa hapo kuanzia giza hadi mwanga.

Mtu aliyekaa hivyo hukuta nchi mbili. Nchi ya baridi ina wakazi wachache. Kunguru mkubwa mweusi hubaki, akifuata mizoga na mabaki ya mbwa mwitu. Wapo kwale wa tundra wa aina mbili, ambao manyoya yao ya hudhurungi hugeuka meupe, hata vidole vikafunikwa. Hula vichipukizi vya miti mifupi ya mito na hulala kwa kujifukia ndani ya theluji. Kozi mkubwa wa Aktiki huwinda kwale hao. Mkazi wa ajabu kuliko wote ni ndege mdogo wa kijivu anayeishi kwenye vijito, ambaye hutembea chini ya maji akiokota wadudu kwenye mawe. Maji yakiganda angekufa, lakini kwenye chemchemi za Sadlerochit maji hutoka ardhini yakiwa na uvuguvugu na hayagandi mwaka mzima. Hapo huonekana akizama na kuibuka wakati nchi yote iliyomzunguka ni jiwe la barafu.

Nchi ya pili huanza Mei. Pale Kaktovik, kwenye latitudo ya nyuzi 70 kaskazini, jua halizami kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai. Theluji ya uwanda huanza kutoboka mwishoni mwa Mei, na kila kipande cha ardhi kinachojitokeza hupata mwenyewe siku hiyo hiyo. Vitwitwi wa aina nyingi hufika kutoka Amerika ya Kusini. Mmoja wao, mwenye kifua cha rangi ya ngozi, hutoka kwenye nyasi fupi za Argentina, Uruguay na kusini mwa Brazili. Madume yake hukusanyika kwenye miinuko iliyokauka mapema, kila mmoja na kiwanja chake, na husimama akiinua bawa moja juu ili weupe wa chini yake umulike kutoka mbali. Jike akisogea, dume hufungua mabawa yote mawili na kunyoosha shingo. Baada ya kupandana jike huondoka kwenda kutaga mayai yake 4 peke yake, na dume hana kazi tena; huanza safari ya kusini kabla vifaranga havijaanguliwa.

Haraka hiyo si ya aina moja tu. Mayai hutagwa mwanzoni au katikati ya Juni ili vifaranga viibuke wakati mbu na wadudu wengine wamejaa. Vifaranga vya vitwitwi hutoka kiotani siku ile ile vinapoanguliwa na kujitafutia chakula wenyewe. Kitwitwi wa dhahabu, mbweha akikaribia kiota chake, hujiburuta ardhini akijifanya amevunjika bawa. Bundi mweupe na ndege waporaji wa baharini hutaga kwa wingi mwaka ambao lemingi, panya wa tundra, wamezaliana sana. Panya wakipungua, hupita bila kutaga. Kwa hiyo orodha ya ndege ya mwaka mmoja haitoshi kueleza uwanda huu.

Wazo la kuilinda nchi hii lilichukua sura miaka ya 1950. Mwaka 1953 George Collins na mwanabiolojia Lowell Sumner, waliokuwa wameipima kwa ajili ya idara ya hifadhi za taifa, walichapisha makala waliyoiita nyika kubwa ya mwisho. Kiangazi cha 1956 Olaus na Margaret Murie waliongoza msafara mdogo hadi bonde la juu la Mto Sheenjek, kusini ya milima. Kazi ya ndege ilikuwa ya Brina Kessel, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Alaska, na kijana George Schaller. Walitembea bonde siku baada ya siku wakiandika nani amefika, nani anaatamia na nani anaondoka, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1960. Kessel aliendelea kuwa mamlaka ya ndege wa Alaska kwa miongo kadhaa. Schaller anajulikana zaidi Afrika: mwaka 1959 alianza kuwachunguza sokwe wakubwa wa milima ya Virunga, Kongo, na kuanzia 1966 simba wa Serengeti. 

Tarehe 6 Desemba 1960 serikali ya Rais Eisenhower ilitangaza eneo la kilomita za mraba 36,000 hivi kuwa chini ya ulinzi. Mwaka 1980 sheria iliyotiwa saini na Rais Carter ililipanua na kulipa jina la sasa, lakini ikauacha kiporo uwanda wa pwani: kifungu cha 1002 kilitaka wanyama na mafuta ya eneo hilo vichunguzwe kwanza, kisha Bunge liamue.

Ulinzi haukuwa neema kwa kila mtu. Mkataba wa ndege wahamao wa mwaka 1916 kati ya Marekani na Uingereza, iliyosimama kwa niaba ya Kanada, ulipiga marufuku uwindaji kuanzia Machi 10 hadi Septemba 1. Kwa mkulima wa kusini tarehe hizo zilikuwa na maana. Kwa Mwinupiat zilimaanisha kuwa karibu kila bata aliyewahi kufika kwake ni haramu, kwani Septemba bata wengi wameshaondoka. Mwezi Mei 1961 huko Barrow, magharibi ya hifadhi kwenye pwani hiyo hiyo, John Nusunginya, mbunge wa jimbo, alikamatwa kwa kuwinda bata. Wenzake 138 walijitokeza mbele ya maofisa, kila mmoja na bata wake, wakataka nao wakamatwe. Mashtaka hayakuendelea. Hata hivyo ilibidi mkataba ufanyiwe marekebisho, na uwindaji wa masika kwa ajili ya chakula ukawa halali mwaka 2003 tu, miaka 42 baada ya tukio lile.

Miaka hiyo hiyo ya 1960 hatari nyingine ilikuwa ikitokea mbali sana. Kozi wahamao wa Aktiki, wanaotaga kwenye majabali ya mito ya kaskazini na kwenda Amerika ya Kati na Kusini wakati wa baridi, walianza kupungua. Dawa ya DDT iliyopulizwa mashambani ilijikusanya kwenye miili ya ndege waliowala, na maganda ya mayai yakawa membamba hata kuvunjika chini ya mama anayeatamia. Tundra ilikuwa safi. Sumu ilibebwa na ndege wenyewe. Marekani ilipiga marufuku matumizi mengi ya DDT mwaka 1972, na kozi hao waliondolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini mwaka 1994.

Utafiti ulioagizwa na kifungu cha 1002 ulifunua umuhimu wa majira ambayo hayakuwa yamezingatiwa: mwisho wa Agosti na Septemba. Vitwitwi wakiwa wameondoka na wageni wa kibinadamu nao wameenda zao, uwanda hupokea bata bukini weupe kutoka visiwa vya Aktiki ya Kanada, na miaka mingine huzidi 300,000. Hawaji kutaga. Hung'oa machipukizi ya nyasi pamba, hukata sehemu nyeupe ya chini ya shina na kuacha majani, na hufanya hivyo karibu mchana kutwa ili kuweka mafuta ya safari ya kusini. Ndege ya injini ikipita, kundi zima huruka, na muda huo wa kula haurudi. Wakati huo huo, kwenye mabwawa ya chumvi nyuma ya visiwa vya mchanga, maelfu ya bata wenye mkia mrefu wanakuwa wamemaliza wiki kadhaa bila uwezo wa kuruka kwa sababu manyoya ya mabawa yamenyonyoka.

Mahali wanapokwenda wote hao palijulikana kwa miongo mingi kupitia pete za miguuni: batamaji huishia mwambao wa mashariki wa Marekani, buabua wa Aktiki huelekea bahari za Antaktiki. Mmoja alibaki fumbo. Ni ndege wa jamii moja na kurumbiza, uzito wa gramu 25 hivi, mwenye kiuno cheupe kinachoonekana akiruka, anayetaga chini ya mawe katika milima ya Alaska. Jina lake la kisayansi ni Oenanthe oenanthe. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya vifaa vidogo vya kurekodi mwanga walivyowafunga ndege wa Alaska ya kati. Ndege hao walikuwa wamevuka Mlango wa Bering na Asia nzima hadi Afrika Mashariki, wakakaa baridi katika Sudan, Uganda na Kenya: kilomita 14,500 hivi kwenda, kwa siku 91 kwa wastani, na kurudi kwa siku 55. Anayemwona kwenye nyasi fupi za Bonde la Ufa mwezi Januari hawezi kujua kwa macho kama ametoka Alaska, Siberia au Ulaya.

Uwanda wa pwani wenyewe ulifunguliwa kwa uchimbaji wa mafuta na sheria ya mwaka 2017. Mnada wa haki za kuchimba wa Januari 2021 ulileta dola milioni 14 hivi, na mnunuzi mkuu alikuwa shirika la jimbo la Alaska. Mnada wa pili, Januari 2025, haukupata zabuni hata moja. Sheria ya Julai 2025 imeagiza mingine isiyopungua 4 ndani ya miaka 10. Wanaotetea uchimbaji hueleza kwamba ujenzi mkubwa hufanywa wakati wa baridi, juu ya barabara za barafu, ndege wakiwa mabara mengine. Wanabiolojia huelekeza macho Prudhoe Bay, eneo la visima vya mafuta upande wa magharibi, ambako kunguru wasio na mti wala jabali la kutagia wamejenga viota kwenye mitambo, na kila Juni hulisha makinda yao mayai ya ndege wa jirani.