Dungu: Nyumba ya Rufiji Iliyoyapisha Maji

Wengi tunalijua dungu kama ulingo wa kulindia ndege shambani. Katika bonde la Rufiji lilikuwa zaidi ya hapo: watu waliishi humo. Familia ilichimbia nguzo ndefu, ikatandika sakafu ya fito juu yake, ikaezeka nyasi na kuegemeza ngazi. Mtumbwi ulifungwa chini, kwenye nguzo. Mto ulipofurika, maji yalipita chini ya waliolala; hayakukuta ukuta wa kubomoa.

Walikaa bondeni kwa sababu mafuriko ndiyo yaliyowalisha. Mpunga ulipandwa mvua zikianza, ukarefuka kadiri maji yalivyopanda, mara nyingi hadi Aprili. Yalipojitoa yaliacha tope lenye rutuba, na hapo kikaanza kilimo cha mlao: mahindi, kunde, maboga, vyote vikiishi kwa unyevu uliobaki ardhini. Samaki walisalia kwenye mabwawa. Aliyelala dunguni alikuwa karibu na shamba lake nguruwe na viboko walipokuja usiku.

Mafuriko makubwa ya 1968 yakaleta Operesheni Rufiji. Kufikia 1969 maelfu ya watu walikuwa wameondolewa bondeni na kupelekwa vijiji vya ujamaa vilivyokuwa juu zaidi, kama Ikwiriri. Nia ilikuwa njema: usalama, shule, zahanati. Lakini mashamba hayakuhama. Watu wakawa wanakwenda masafa marefu kulima, na wengi wakarudi dunguni kila msimu. Naona kosa lilikuwa hapo: tulihamisha watu, ufundi wao tukauacha nyuma kama alama ya umaskini.

Nyumba ya miti na udongo iliyokaa chini haina pa kukimbilia. Maji yakituama siku chache ukuta hulainika, kisha huporomoka. Nguzo za dungu nazo huoza na kuliwa na mchwa, wala silisifu kana kwamba lilishinda kila gharika. Lakini wazo lake, kuinua sakafu na kuyaachia maji njia, halijapitwa na wakati.

Aprili 2024 maji yalizikumba tena wilaya za Rufiji na Kibiti, yakazamisha nyumba na mashamba. Wahandisi wanaochora nyumba za maeneo hayo, kabla hamjamwaga zege, nendeni kwa wazee wa bondeni. Waulizeni nguzo zilichimbiwa kina gani, kwa mti gani, na sakafu ilikaa juu kiasi gani.